2147483647: Kikomo cha kompyuta kuwa namba tasa, ni sadfa au kuna sababu?

#1 Kikokotoo

Wakuu, habari zenu.

Kuna jambo limenikaa kichwani. Programu nyingi hutunza namba nzima kwa biti 32, yaani nafasi 32 za sifuri au moja. Biti moja inachukuliwa na alama ya hasi au chanya, zinabaki 31. Kwa hiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia pale ni 2^31 − 1 (2 kwa kipeo cha 31, toa 1), yaani 2,147,483,647. Namba hiyo ni tasa. Haigawanyiki kwa chochote isipokuwa 1 na yenyewe.

Ukiokota namba ovyo maeneo ya bilioni mbili, nafasi ya kukuta tasa ni moja kati ya 21 hivi. Halafu hii moja iliyoangukia kuwa kikomo ndiyo ikawa tasa. Shuka kwenye biti 8, kikomo ni 127, nayo tasa. Panda kwenye biti 128, kikomo ni 2^127 − 1, nayo tasa.

Mimi nasema si sadfa. Ama wahandisi walichagua makusudi, ama kuna sababu ya ndani zaidi. Wajuzi karibuni.

#2 Nahodha wa Biti

Makusudi hapana, mkuu. Biti 32 zilienea baada ya IBM kutangaza System/360 mwaka 1964. Walikata shauri baiti iwe biti 8, na neno la kompyuta liwe baiti nne. Nne mara nane ni 32, basi. Walichotafuta ni herufi moja kukaa vizuri ndani ya baiti na anwani za kumbukumbu kuhesabika kirahisi. Utasa wa kikomo haukuwa hoja yao.

Kabla ya hapo mashine zao kubwa za kisayansi, kama 704 na 7090, zilikuwa na biti 36. Ukitoa ya alama unabaki na 2^35 − 1 = 34,359,738,367. Hiyo ni 31 × 71 × 127 × 122,921. Kama wangebaki na 36, uzi huu usingekuwepo.

#3 Sifuri na Moja

Mleta uzi umetaja 8, 32 na 128, umeruka 16 na 64. Kwa nini?

Biti 16: 32,767 = 7 × 31 × 151.
Biti 64: 2^63 − 1 inagawanyika kwa 7, tena mara mbili, na kwa 127 pia.

Ukihesabu zilizokubali peke yake, kila kitu kitaonekana muujiza.

#4 Kikokotoo

#3 sikuzificha, nilitaja zilizonishangaza. Ukiziweka zote ni 8 ndiyo, 16 hapana, 32 ndiyo, 64 hapana, 128 ndiyo. Huoni mpangilio hapo? Inapokezana!

#5 Mzee wa Vigawo

Kupokezana kwenyewe kuna maelezo, na maelezo yenyewe ni mazuri kuliko muujiza.

Namba ya umbo la 2^n − 1 haiwezi kuwa tasa kama n si tasa. Sababu ni rahisi. Kama n = a × b, basi 2^a − 1 inagawa 2^n − 1 bila baki. Iandike kwa sifuri na moja uone: 2^15 − 1 ni moja kumi na tano zilizopangwa mstari. Zikate tatu tatu, unapata mafungu matano ya 111, na 111 ni 7. Zikate tano tano, unapata mafungu matatu ya 11111, na hiyo ni 31. Ndiyo maana 32,767 ina 7 na 31 ndani yake. Kwa 63 hadithi ni hiyohiyo, kwa sababu 63 ni 7 × 9.

Kwa hiyo biti 16 na 64 zilishindwa kabla mechi haijaanza. Vipeo vyake, 15 na 63, si tasa. Zilizobaki, 7, 31 na 127, ni vipeo tasa. Hizo zilikuwa na *ruhusa* ya kuwa tasa. Ruhusa si uhakika: 11 ni tasa lakini 2^11 − 1 = 2047 = 23 × 89.

#6 Mpita Njia

Nimeweka kambi hapa. Endeleeni wakuu.

#7 Mlinzi wa Jedwali

Mimi namba hii naijua kwa maumivu. Sehemu niliyokuwa nafanya kazi tulikuwa na jedwali kubwa la kumbukumbu za matukio, kila mstari na namba yake ya utambulisho ya biti 32, inajiongeza yenyewe. Usiku mmoja maandishi yakaanza kukataliwa. Tukahangaika na diski, na mtandao, na ruhusa za watumiaji. Mwisho mwenzangu mmoja akauliza namba ya mstari wa mwisho ni ngapi. 2147483647. Kubadilisha safu ile kwenda biti 64 kwenye jedwali la ukubwa ule kulichukua usiku mzima na nusu ya mchana.

Kama ni tasa au si tasa, usiku ule hakuna aliyeuliza.

#8 Kikokotoo

#7 pole sana mkuu. Hata YouTube iliwapata, 2014, wimbo wa Gangnam Style ulipokaribia kuivuka namba hiyohiyo, wakahamishia kihesabu cha watazamaji kwenye biti 64.

Lakini #5 umenijibu nusu. Umeeleza kwa nini 16 na 64 zilikosa. Hujaeleza kwa nini 8, 32 na 128 ZOTE zilipata.

#9 Binti Kipeo

Tusisahau hizi namba zina mwenyewe. Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, ndiye aliyethibitisha mwaka 1644 kwamba 2^31 − 1 ni tasa.

#10 Mzee wa Vigawo

Dada #9, hapo hapana. Mersenne alitoa orodha tu, bila uthibitisho. Alisema hadi kipeo 257, vinavyotoa tasa ni 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Kwenye 31 na 127 alipatia. Kwenye 67 na 257 alikosea, na akaziacha nje 61, 89 na 107 ambazo ni tasa.

Hiyo 67 ina kisa chake. Mwanahisabati Lucas alionyesha mwaka 1876 kwamba si tasa, ila hakutoa vigawo. Oktoba 1903 Frank Nelson Cole akasimama mbele ya wanahisabati wenzake wa Marekani, akaandika ubaoni 2^67 − 1 kwa kirefu: 147,573,952,589,676,412,927. Upande wa pili akaandika 193,707,721 × 761,838,257,287 na kuzidisha kwa mkono hadi majibu yakalingana. Akakaa. Hakutamka neno. Ukumbi ukampigia makofi.

Aliyethibitisha 2^31 − 1 ni mwanahisabati Leonhard Euler, kwenye barua kwa Bernoulli, 1772. Wakati huo macho yalikuwa karibu yamemwishia.

#11 Binti Kipeo

Ahsante mzee. Sasa Euler aliwezaje? Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 ni 46,340 na ushei. Hadi hapo kuna maelfu ya namba tasa za kujaribu. Mtu asiyeona vizuri, bila mashine?

#12 Mzee wa Vigawo

Hapa ndipo penye utamu, nivumilieni.

Tuseme q ni namba tasa inayogawa 2^31 − 1 bila baki. Maana yake 2^31 ukiigawa kwa q unabaki na 1. Sasa fuatilia baki za 2, 4, 8, 16 na kuendelea. Zinazunguka: baada ya hatua kadhaa unarudi kwenye 1, kisha zinaanza upya. Urefu wa mzunguko huo lazima ugawe 31. Kwa kuwa 31 ni tasa, mzunguko ni wa hatua 31 kamili. Fermat naye alishatuachia kanuni kwamba 2^(q−1) hubakiza 1. Kwa hiyo 31 lazima igawe q − 1. Na q ni witiri, basi q − 1 ni shufwa. Matokeo: q = 62k + 1.

Hapo umeshatupa nje karibu namba zote. Lakini kuna kichujio cha pili. Kama 2^31 inabakiza 1, basi 2^32 inabakiza 2. Na 2^32 ni 2^16 iliyozidishwa kwa yenyewe. Kwa hiyo katika baki za q, 2 ni mraba wa kitu fulani, na hilo linawezekana tu kama q ikigawanywa kwa 8 inabakiza 1 au 7.

Unganisha vichujio viwili: q ni ya umbo 248k + 1 au 248k + 63. Basi. Hadi 46,340 namba za namna hiyo, ukiacha 63 yenyewe, ni 372 tu, na nyingi kati ya hizo unaona kwa macho kwamba si tasa, hivyo hazihitaji kujaribiwa.

Kazi ya siku chache kwa mtu mwenye subira. Namba hiyo ikakaa kileleni kama tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana kwa karibu karne nzima.

#13 Kalamu na Karatasi

Nimefuata njia ya #12 kwa mkono, nawawekea mwanzo:

249 = 3 × 83, acha.
311 ni tasa. 2,147,483,647 ÷ 311, baki 35.
497 = 7 × 71, acha.
559 = 13 × 43, acha.
745, 807, 993, 1055, 1241 zote si tasa.
1303 ni tasa. Baki 226.
1489 ni tasa. Baki 199.

Yaani kigawo cha kwanza chenye haki ya kujaribiwa ni 311! Kuanzia 2, 3, 5, 7 hadi 307, hakuna hata moja inayoweza kuigusa. Nimependa sana hii.

#14 Kete Sita

#13 bila kujua umemjibu mleta uzi.

Namba ya kawaida hufa mapema. Nusu zinauawa na 2, theluthi ya zilizobaki zinauawa na 3, moja ya tano na 5. Hii yetu haikupitia machinjio hayo. Namba tasa 63 za mwanzo zote hazina meno kwake. Kwa hiyo ile "moja kati ya 21" ya #1 haihusiki. Nimekokotoa: namba ya ukubwa ule ambayo tayari inajulikana haina kigawo chini ya 311, nafasi yake ya kuwa tasa ni karibu asilimia 48.

Arushaye sarafu akapata kichwa, tumshangae?

#15 Nahodha wa Biti

Ila kuna makadirio ya mwanahisabati Wagstaff ya 1983 kuhusu nafasi ya kuwa tasa, yaliyotungwa mahsusi kwa namba za Mersenne, yaani hizi za umbo la 2^n − 1. Kwa kipeo 31 nimepata asilimia 34 hivi, kwa 127 asilimia 11, na kwa 7 karibu uhakika. 34 na 48 si kitu kimoja. Nani yuko sahihi?

#16 Mzee wa Vigawo

#14 amesahau upande wa pili wa sarafu yake. Ni kweli vigawo vingi vimefutwa, lakini vilivyobaki vinauma zaidi. Chukua 311. Kwa namba ya kawaida, nafasi ya 311 kuigawa ni moja kati ya 311. Kwa hii yetu si hivyo. Baki za 311 zilizo miraba ni 155, na ndani yake 31 zina tabia ya kurudi kwenye 1 baada ya hatua 31. Tunajua 2 imo kwenye hizo 155. Kwa hiyo nafasi ya 311 kuua ilikuwa 31 kati ya 155, yaani moja kati ya tano! Namba yetu ilichungulia kaburi pale.

Kwa hiyo asilimia 48 ni kubwa mno. Lakini na ya Wagstaff imetungwa kwa wastani wa vipeo vingi, haimlengi 31 peke yake.

#17 Kete Sita

Iwe 34 basi. Bado si muujiza.

#18 Kikokotoo

Kwa 32 pekee, si muujiza. Zidisha sasa: 34 kwa 11, unapata kama asilimia 4 kwamba 32 na 128 zote zitoe tasa. Hapo mtakuwa mmerudi kwangu.

#19 Mchimba Ruwaza

Mmeacha jambo kubwa kuliko yote. Tazameni vipeo vyenyewe: 3, 7, 31, 127. Hivyo vipeo NI namba za Mersenne, na ni tasa. 3 = 2^2 − 1. 7 = 2^3 − 1. 31 = 2^5 − 1. 127 = 2^7 − 1.

Yaani 2,147,483,647 ni Mersenne ya Mersenne. Chukua 5, ipandishe upate 31, ipandishe 31 upate hii. Chukua 2, 3, 5, 7, namba tasa nne za kwanza kabisa, zipandishe mara mbili, zote nne zinatoa tasa: 7, 127, 2,147,483,647 na 2^127 − 1.

Nne kwa nne. Upana wa biti ni 4, 8, 32, 128. Hapo mtu akiniambia sadfa nitamwomba anieleze sadfa ni nini kwake. Kuna kanuni hapa ambayo bado hatujaijua.

#20 Sifuri na Moja

Endelea basi, usiishie nne. Inayofuata ni 11, ikikupa 2047 ambayo si tasa, hiyo imekufa. Halafu 13: 2^13 − 1 = 8191, ni tasa. Je, 2^8191 − 1? Wheeler aliipima 1953 kwa kompyuta ya wakati ule. Si tasa. 17? Si tasa. 19? Si tasa. 31 yenyewe, shujaa wetu, ukiipandisha kipeo 2,147,483,647 kisha utoe moja? Si tasa, kigawo chake kimoja ni 295,257,526,626,031.

Nne za kwanza zimepata, nne zilizofuata zimekosa. Kanuni gani hiyo inayochoka katikati?

#21 Kalamu na Karatasi

Nimehakiki kigawo cha #20. 295,257,526,626,030 ÷ (2 × 2,147,483,647) = 68,745 kamili. Kinatii umbo lilelile la Euler: 2 × kipeo × k + 1. Mtu wa 1772 anatawala hadi kwenye namba yenye tarakimu zaidi ya milioni 646. Heshima yake.

#22 Mchimba Ruwaza

#20 nne kukosa hazifuti nne kupata. Na ya tisa, 61, haijulikani hadi leo. 2^(2^61−1) − 1 ina tarakimu zaidi ya 694,000,000,000,000,000. Hakuna diski ya kuiandikia, sembuse kuipima. Mnasema imekufa mmeiona maiti?

#23 Mpita Njia

Hapo kwenye maiti nimecheka peke yangu. Swali la mgeni: hii namba ina kazi gani zaidi ya kugomesha jedwali la #7?

#24 Nahodha wa Biti

Inayo, na hapo utasa wake unatumika kwelikweli.

Kwanza, namba za nasibu, yaani zinazoonekana kuokotwa ovyo. Anza na 1. Zidisha kwa 16,807, gawa kwa 2,147,483,647, chukua baki. Rudia. Unapata 16807, 282475249, 1622650073 na kuendelea. Utapita kwenye kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, kabla ya kurudi mwanzo. Hilo linawezekana kwa sababu kigawanyi ni tasa, na 16,807, ambayo ni 7^5, ilichaguliwa kwa uangalifu. Njia hiyo ilitumika miaka mingi, Park na Miller waliitetea 1988.

Pili, kugawa kwake ni rahisi kwa mashine. 2^31 inabakiza 1, kwa hiyo unakata namba yako vipande vya biti 31 na kuvijumlisha, kama tunavyojumlisha tarakimu kutafuta baki la kugawa kwa 9. Python, lugha ya kuandikia programu, hadi leo hukokotoa alama za utambulisho wa namba kwa baki za 2^61 − 1 kwenye mashine za biti 64, na kwa hii yetu kwenye za biti 32.

Kwa hiyo #2 nilisema hawakuchagua makusudi, na nasimama hapo. Ila waliokuja baadaye walikuta hazina imekaa pale na wakaichukua.

#25 Funguo Mbili

Nyongeza: usalama wote wa mtandaoni umejengwa juu ya namba za Mersenne, kwa sababu ndizo tasa kubwa kuliko zote.

#26 Sifuri na Moja

Hapana mkuu #25. Ufunguo wa RSA, njia maarufu ya kuficha siri mtandaoni, unahitaji tasa ambazo adui hawezi kuzikisia. Namba za Mersenne zilizo tasa zinazojulikana ni 52, na kila mtu anazo. Ukitumia hizo umemkabidhi mwizi ufunguo. RSA huokota tasa ovyo zenye tarakimu kama 309, na tasa za ukubwa huo ni nyingi kupita kiasi.

Mersenne zinaingia kwenye njia za mikunjo (njia nyingine za kuficha siri, zinazotumia hesabu za mistari iliyopinda), ambako tasa yenyewe si siri. Kuna mkunjo wa kiwango unaotumia 2^521 − 1. Mwingine maarufu unatumia 2^255 − 19. Huo wa pili si Mersenne, ila umesogezwa jirani ili hesabu za baki ziwe nyepesi vilevile.

#27 Funguo Mbili

Nimekusoma. Basi hizi za tarakimu milioni arobaini zinatafutwa za nini?

#28 Binti Kipeo

Swali hilo lina zaidi ya miaka mia mbili. Mwaka 1811 Peter Barlow wa Uingereza aliandika kuhusu 2^30 × (2^31 − 1), yaani 2,305,843,008,139,952,128. Ukijumlisha vigawo vyake vyote, ukiacha yenyewe, unapata yenyewe, kama 6 = 1 + 2 + 3. Kila tasa ya Mersenne inazaa moja ya aina hiyo. Barlow akasema hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa kuwa hazina faida na hakuna atakayejisumbua kutafuta zaidi.

Lucas akathibitisha 2^127 − 1 mwaka 1876. Pervushin 2^61 − 1 mwaka 1883. Na Oktoba 2024 Luke Durant, kupitia GIMPS, mradi wa kutafuta tasa za Mersenne, akapata 2^136,279,841 − 1, tarakimu 41,024,320. Watu wamejisumbua, na mimi nafurahi wamejisumbua.

#29 Kalamu na Karatasi

Hiyo ya 2024 inaishia na tarakimu 1. Huhitaji kompyuta: vipeo vya 2 vinaishia 2, 4, 8, 6 kwa zamu. 136,279,841 ukigawa kwa 4 inabaki 1, kwa hiyo 2^p inaishia na 2, toa moja. Ya kwetu, 31 inabaki 3, inaishia na 8, toa moja ni 7.

#30 Mpita Njia

Na je, 2,147,483,647 ina pacha? Yaani tasa nyingine hatua mbili kando yake, kama 29 na 31?

#31 Mzee wa Vigawo

Haina. 2,147,483,645 inaishia na 5. 2,147,483,649 ni 2^31 + 1, na kila 2 yenye kipeo witiri ukiongeza moja inagawanyika kwa 3. Jirani zake tasa ni 2,147,483,629 chini na 2,147,483,659 juu. Ukizipanga tasa zote kuanzia 2, yetu ni ya 105,097,565.

Kuhusu kuipima, siku hizi hatupiti kwa Euler. Lucas na Lehmer walituachia kipimo: anza na 4, zidisha kwa yenyewe, toa 2, chukua baki, rudia mara p − 2. Ukipata sifuri ni tasa. Mfano wa 127, kipeo 7, hatua tano: 4, 14, 67, 42, 111, 0. Kwa 31 ni hatua 29 tu, wakati Euler alikuwa na orodha ya 372.

#32 Kete Sita

Turudi kwenye mada. Msimamo wangu: upana wa biti ni 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256, 512. Kati ya hizo tisa, ni nne tu zinazoweza kutoa tasa, na zote nne zilikuwa na nafasi nzuri au ya wastani. Zimepata. Namba ndogo ni chache, na mambo mengi mazuri yanagombania hizo hizo chache.

#33 Mchimba Ruwaza

Nafasi ya 128 ilikuwa asilimia 11 kwa hesabu ya #15. Hiyo unaita wastani?

#34 Nahodha wa Biti

Na biti 128 ziliingia kwenye orodha kwa sababu mleta uzi alizitafuta. Kompyuta ya kawaida haihesabu kwa biti 128. Tungeishia 64, tungekuwa na 127 ambayo ilikuwa karibu uhakika, na 31 yenye theluthi moja. Asilimia 4 ya #18 imetokana na kuchagua mahali pa kusimama.

#35 Kikokotoo

#34 biti 128 si za kutafuta, anwani za mtandao za IPv6 ni biti 128, na vitambulisho vya mifumo mingi pia. Nahesabu upana unaotumika.

#36 Nahodha wa Biti

Anwani haina biti ya hasi na chanya, mkuu. Kikomo chake ni 2^128 − 1, na hiyo inagawanyika kwa 3.

#37 Mchimba Ruwaza

Ila ondoeni kompyuta kabisa. 2, 3, 7, 127, 2^127 − 1: kila moja ni 2 yenye kipeo cha iliyotangulia, toa moja, na zote tano ni tasa. Mwanahisabati Catalan aliuliza kama inaendelea. Ya sita hakuna aliyeipata kigawo hadi leo. Mnaosema sadfa, mniambie mngetegemea ngapi zipate kabla ya kubadili mawazo.

#38 Kete Sita

Sita. Nitafutie hata njia ya kuipima ya sita, nami nitaketi nisome kila mstari.